Tumpe Kitabu Gani Kijana Asiyetaka Kusoma?



Tunapenda mwaka huu kuitumia nafasi yetu katika jarida hili kujibu swali tuliloulizwa na mama mmoja siku ya mahafali ya madrasa. Alitusubiri hadi watu wakatawanyika na sahani za pilau zikawa zinakusanywa, kisha akasema: "Ustadhi, kijana wangu ana miaka kumi na tano. Qur'ani anaisoma, mmemsikia wenyewe leo. Lakini kitabu kingine chochote hataki hata kukishika. Nimpe kitabu gani?"

Tulimjibu haraka, kama mtu anavyojibu akiwa amechoka. Tulifungua kabati tukamwazima kitabu kinene cha sira ya Mtume (s.a.w.), tukamwambia hiki ndicho. Kilirudi baada ya miezi miwili. Ndani kilikuwa safi kama kilivyoondoka, ila juu ya jalada palikuwa na alama ya duara ya kikombe cha chai. Mama yule aliomba radhi sana kwa ile alama. Ukweli ni kwamba waliostahili kuomba radhi ni sisi, kwa kuwa tulitaja kitabu kabla ya kumjua msomaji.

Basi tulimwita kijana mwenyewe, tukakaa naye chini ya mwarobaini baada ya swala ya Alasiri, tukampa ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi asome kwa sauti. Alisoma kwa kidole, neno baada ya neno, na jasho likamtoka. Huyu ndiye aliyesoma Suratul Mulk mbele ya wageni bila kukosea! Tulipomuuliza shida ni nini, akainamisha kichwa. "Ustadhi, nikifika mwisho wa mstari nimeshasahau mwanzo."

Wazazi wetu, hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunasema kijana ni mvivu, au simu imemharibu, au anawaza mpira tu. Huenda yote hayo yapo. Lakini vijana wengi wasiopenda kusoma ni vijana wanaosoma kwa taabu na wanaona haya watu wasijue. Qur'ani wameihifadhi kwa sikio, kwa kurudia nyuma ya mwalimu, na hiyo ni neema kubwa, ila haimaanishi kwamba jicho lake limezoea kukimbia juu ya mistari. Tena tufikirie mzigo wake. Nyumbani hapa Ibadakuli anaongea Kisukuma na bibi yake. Shule ya msingi alisoma kwa Kiswahili. Alipoingia kidato cha kwanza masomo karibu yote yakageuka Kiingereza. Jioni anakuja kwetu kwenye Kiarabu. Lugha nne, na katika zote nne kitabu kinamjia na maswali nyuma yake, na akikosa maswali kuna fimbo. Sisi wenyewe tumewahi kumwadhibu mwanafunzi kwa kumwambia akae peke yake asome kurasa kumi. Halafu tunashangaa kwamba kusoma kunamkumbusha adhabu.

Kuna jambo la kutuumiza zaidi, na tunalieleza hapa kwa kuwa wanafunzi wa zamani wanalikumbuka. Miaka kadhaa nyuma tulimkamata kijana mmoja darasani ameficha riwaya ya kipelelezi katikati ya daftari la fiqhi. Haikuwa na jalada, na kurasa za mwanzo zilikuwa zimeng'oka. Tulimsimamisha mbele ya wenzake, tukampa maneno makali, tukakichukua kitabu tukakifungia. Hatukujiuliza kwamba katika wanafunzi thelathini, huyo ndiye pekee tuliyepata kumwona anasoma bila kulazimishwa. Kosa lake lilikuwa kusoma wakati wa fiqhi, na tungeweza kumwambia akimalizie nyumbani.

Mwaka uliofuata aliacha shule akaenda machimbo ya Mwakitolyo. Hatusemi aliondoka kwa ajili ya kitabu. Baba yake alikuwa mgonjwa na pamba haikulipa, na kijana mwenye mabega akisikia rashi imetokea mahali ni vigumu kumzuia. Alikuwa akibeba viroba vya mawe kutoka kwenye maduara kwenda kwenye makarasha. Alipokuja kutuamkia siku ya Idd, jambo la kwanza baada ya salamu alituuliza kama kile kitabu bado tunacho. Tulikuwa nacho. Tukampa, na tukamwomba radhi. Amekuwa akituma salamu kwa vijana wanaorudi kutoka huko, na mara moja alituma aombewe "kingine kama kile".

Hapo tukaanza kusoma sisi wenyewe, maana tuligundua kwamba tunavikataza vitabu tusivyovijua.

Baba mmoja aliposikia tumeweka hadithi kwenye kabati la madrasa alikuja kwa heshima lakini amekunja uso. "Ustadhi, nyinyi ndio mnatufundisha kwamba uongo ni dhambi. Leo mnampa mwanangu habari za watu wasiokuwepo?" Tulimwambia, mzee wetu, swali lako ni la haki. Ila muongo ni yule anayetaka uamini jambo ambalo halikuwa. Anayesimulia habari za Abunuwasi kuazima sufuria, akairudisha na kisufuria akidai imezaa, na safari ya pili akasema imekufa, hamdanganyi mtu. Msimulizi anajua, msikilizaji anajua, na kila mmoja anaondoka akicheka tamaa ya mwenye sufuria. Ni mithali. Visa vya Qur'ani ni vya kweli na hatuviweki kapu moja na riwaya, Allah atuepushe. Lakini tutazame jinsi Mola wetu alivyotufundisha. Katika Suratul Kahf, tunayoisoma kila Ijumaa, tuna vijana waliolala pangoni, tuna Nabii Musa (a.s.) na yule mja mwema aliyetoboa jahazi, tuna Dhul-Qarnain na safari zake. Ukifika kwenye lile jahazi, darasa zima linanyamaza, hata wale wa nyuma wanaotupiana vijiti. Allah ndiye aliyewaumba vijana na anajua masikio yao. Na Waislamu waliotutangulia hawakuziogopa mithali. Kitabu cha Kalila wa Dimna, ambacho ndani yake wanyama wanazungumza na kupeana shauri, kilitiwa katika Kiarabu na Ibn al-Muqaffa katika karne ya 8, na kimesomwa katika nyumba za Waislamu tangu hapo.

Mzee yule hakukubali yote. Alisema tuendelee ila sisi tusome kwanza kila kitabu kabla ya mtoto. Tuliona ni sharti jema na tumelishika. Zipo riwaya za mapenzi na za mjini ambazo hatutampa kijana wa miaka 15, hata akituomba.

Sasa vitabu vyenyewe. Kama kipo kimoja tunachokipendekeza kabla ya vyote kwa kijana wa mkoa huu, ni Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Kilishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki la mwaka 1957/58 na kikachapishwa 1960. Ni kitabu cha upelelezi. Mtu amekutwa ameuawa kwenye mzimu, watu wanaogopa hata kupaongelea, na anaingia Bwana Msa na kiko chake mdomoni, pamoja na mwenzake Najum. (Kiko hatukisifu, tumewaambia vijana hivyo.) Kila mtu ana maneno ya mzimu, ya mashetani na ya wazee wa kale. Bwana Msa anauliza: nani alikuwepo, saa ngapi, nani anafaidika?

Tunaomba wazazi mfikirie maana ya kitabu hiki mikononi mwa kijana wa Shinyanga. Katika mikoa yetu hii ya Shinyanga, Mwanza na Geita wazee wetu wa kike wameuawa kwa sababu tu macho yao ni mekundu, macho yaliyochomwa na moshi wa kuni za kupikia. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007 ndugu zetu wenye ualbino waliwindwa na kukatwa viungo, kwa kuwa mganga alimwambia mtu kwamba atapata dhahabu au samaki. Tumelikemea jambo hilo kwenye darasa za tauhidi na tutaendelea, kwani ramli ni katika mambo yanayomtoa mtu kwenye dini. Lakini kijana anayesikia "ramli ni haramu" mara mia anaweza kuondoka bila kujua amjibu nini rafiki yake kule machimboni anayesema fulani amerogwa. Aliyekaa na Bwana Msa kurasa mia amezoea kuuliza ushahidi uko wapi. Tulikisoma kwa sauti siku za Alhamisi jioni, kurasa kumi kumi, na kila mara tulifunga kitabu mahali pabaya kwa makusudi. Wiki ya tatu vijana wawili walikuja Jumatano.

Anayekipenda hicho ataendelea na Kisima cha Giningi na Siri ya Sifuri vya mwandishi huyo huyo, na hatahitaji tena kusukumwa.

Kwa yule anayesoma kwa kidole, tuanze na kilicho chembamba. Hekaya za Abunuwasi zinafaa kwa sababu kila kisa kinaisha upesi, na kumaliza ni jambo kubwa kwa mtu ambaye hajawahi kumaliza. Baada yake ni Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, chenye gavana mwema ambaye kila usiku analazimika kuwapiga mijeledi nyani wawili, na msomaji hajui kwa nini. Kijana anakwenda mbele ili ajue tu. Lugha ya Shaaban Robert ina maneno yatakayomkwamisha, kwa hiyo mtu mzima akae karibu, ila asigeuze kikao kuwa mtihani wa msamiati.

Vijana wetu walipoona jina Mashimo ya Mfalme Sulemani walidhani ni habari za Mwakitolyo, wakakigombania. Ni tafsiri ya kitabu cha Mwingereza H. Rider Haggard kilichotoka mwaka 1885, safari ya kutafuta hazina. Tuliwaeleza mambo mawili: kwamba Nabii Sulaiman (a.s.) tunamjua kutoka kwenye Qur'ani na siyo humo, na kwamba mwandishi anawatazama Waafrika kwa jicho la zama za ukoloni. Baada ya hapo tukawaachia. Ubishi uliofuata juu ya jicho hilo ulikuwa mzuri kuliko darasa letu lolote la historia.

Wakubwa kidogo, wa kidato cha tatu na kuendelea, wapo tayari kwa Kuli cha Adam Shafi, habari za wabeba mizigo wa bandari ya Unguja na mgomo wa mwaka 1948. Kijana aliyewahi kubeba kiroba cha mawe kwa ujira wa kupunjwa haelezwi maana yake. Shamba la Wanyama, alichokitafsiri Fortunatus Kawegere, kilituletea mama mmoja aliyesikitika kwamba nguruwe wameingia madrasa. Alitulia alipojua kwamba nguruwe ndio wabaya wa hadithi. Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo wengi wanakutana nacho shuleni kama kitabu cha mtihani, na ni hasara, kwani ni hadithi ya watoto waliokosa ada wakaishia mitaani, na inafaa isomwe na moyo kabla ya kusomwa na kalamu nyekundu. Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka mwaka 2022 ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 2021, inaanza na mtoto Yusuf kutolewa na baba yake kwa tajiri kwa sababu ya deni. Hiyo tunaiweka kwa waliomaliza shule. Na kitabu kikubwa cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe, habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, ni fahari ya Kanda ya Ziwa, ila ukimpa asiyependa kusoma kitaishia pale pale kilipoishia kile chetu cha sira, chini ya kikombe.

Je, gazeti la michezo ni kusoma? Tunasema ndiyo. Stand United ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2014 tuliwaona vijana wasioshika daftari wakigombea ukurasa mmoja wa Mwanaspoti uliofungiwa vitumbua, wakasoma hadi majina ya wachezaji wa akiba. Mbwana Samatta alipofunga bao pale Wembley tarehe 1 Machi 2020, kijana wetu wa kidole alisoma habari nzima kwa sauti bila kusimama. Mzazi anayempokonya mwanawe gazeti ili ampe kitabu anabomoa ngazi aliyotaka mtoto apande.

Na tusiwadharau bibi na babu. Masala Kulangwa, yule mtoto aliyewaokoa watu waliomezwa na zimwi Shing'weng'we, yumo midomoni mwa wazee wetu wa Kisukuma kabla hajaandikwa popote. Tulimwomba kijana wetu akamsikilize bibi yake kisha atuandikie kisa hicho kwa Kiswahili. Alileta kurasa mbili zenye makosa mengi. Hatukusahihisha hata moja siku hiyo. Tuliwasomea wenzake, nao wakamwuliza sehemu alizoziruka, akarudi kwa bibi.

Kwa vijana wenyewe tunasema haya machache. Zaid bin Thabit (r.a.) alikuwa na miaka kama 11 Mtume (s.a.w.) alipohamia Madina. Alitaka kwenda vitani Badr akarudishwa kwa udogo wake, akarudi na huzuni. Baadaye Mtume (s.a.w.) akamwagiza ajifunze maandishi ya Mayahudi, akayaweza kwa muda wa nusu mwezi hivi, na ni yeye ambaye Abubakar (r.a.) alimkabidhi kazi ya kuikusanya Qur'ani. Ndugu yetu Malcolm X, aliyefika Dar es Salaam mwezi Oktoba 1964, alifungwa jela Marekani kuanzia 1946 hadi 1952, na aliingia humo akiwa na shida ya kusoma kama wengi wenu. Alianza kwa kunakili kamusi, ukurasa baada ya ukurasa, kwa mkono. Hakuna aliyemcheka, na kama yupo leo hatumjui jina.

Kwa wazazi tuna ombi gumu zaidi. Msimuulize kijana amejifunza nini kila akifunga kitabu. Mwacheni aache kitabu kisichompendeza, achukue kingine. Hata nyinyi hammalizi kila sahani mnayopakuliwa. Na mara moja moja akuone wewe umekaa na kitabu. Kijana anayemwona baba yake kila usiku na simu mkononi, kisha anaambiwa "nenda kasome", ameshajua kusoma ni kazi ya nani.

Maktaba ya mkoa ipo mjini Shinyanga, na kwa mwenye nauli ya kwenda mjini ni rahisi kuliko kununua. Kwa waliobaki, kabati la madrasa linafunguliwa kila Alhamisi baada ya Alasiri. Vitabu ni 41, na Mzimu wa Watu wa Kale tunavyo viwili tu, kwa hiyo anayekichukua akirudishe ndani ya wiki mbili. Mwenye kitabu nyumbani ambacho hakisomwi tena atuletee, hata kama hakina jalada. Kile cha sira bado kipo, rafu ya juu. Wiki iliyopita kijana wa yule mama alikishusha, akasoma ukurasa wa kwanza akiwa amesimama, akakirudisha, na akachukua Kisima cha Giningi.